Yuko Kule

Machi 2

Mvua imeanza leo, na imenikuta na nguo kambani. Nimeanua mbio lakini nusu zimelowa. Mama mkwe alisimama mlangoni akicheka, akasema mvua ya kwanza lazima ichague mwanamke wa kumwonea.

Naandika kwa kuwa jioni sina wa kumsimulia. Mume wangu alikuwa akishafunga karakana yake ya useremala anaingia uani, anakung'uta maranda kwenye shati, ananiuliza, "Haya, leo dunia imesemaje?" Nami nilimweleza yote: nani kaleta nguo, nani kagombana na nani, kuku wa jirani katagia wapi. Hakujibu sana. Kalamu ya risasi ilikaa nyuma ya sikio lake, na mara nyingine alilala nayo. Sasa yuko kule, na dunia bado inasema kila siku.

Wakati wa msiba binamu yangu aliyetoka mjini aliuliza, "Kule wapi?" ikabidi nimweleze kama mtoto. Upande wetu wa mto ardhi ni ya maji. Ukichimba hadi magotini tu, shimo limejaa. Kwa hiyo tangu zamani watu wa hapa huzikwa ng'ambo, kwenye kilima, na tunapomtaja mtu aliyetutoka tunasema yuko kule. Anayekwenda kusaga au kununua chumvi amekwenda ng'ambo. Aliyezikwa yuko kule. Watoto wa hapa wanaijua tofauti hiyo kabla hawajajua kufunga vifungo.

Machi 4

Nimeshona sketi mbili za shule. Mvua mchana kutwa.

Machi 7

Asubuhi yameingia malori ya jeshi, yamezama kwenye matope mbele ya ghala la mazao na wakaamua kulala hapo hapo ghalani. Tulidhani ni kwa sababu ya matope. Saa nne mwenyekiti wa kijiji akapita na kipaza sauti, nyuma yake afande mmoja mrefu mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayesoma.

Afande alisema lori la jeshi limechomwa kwenye barabara kuu, na waliolichoma wamekimbilia msitu wa upande wa pili. Alisema ana habari kwamba wako vijana wa kijiji hiki walio nao huko. Kuanzia leo hakuna kuvuka mto. Atakayevuka ni adui, na atakayeficha habari za aliyevuka ni adui vilevile.

Jirani yangu, ambaye kijiji kizima kinamwita Redio, hakuweza kujizuia. "Afande, na wa kule je? Ijumaa tunawapalilia."

Watu wakacheka kidogo. Afande hakucheka. Aliuliza, "Nani wako kule?"

Mwenyekiti alimkatiza, akasema huyu mama ana maneno mengi, asitiliwe maanani. Afande akaendelea na mengine. Lakini nilimwona akimtazama Redio kwa muda, kisha akautazama mto.

Nilimkasirikia Redio mchana kutwa. Mdomo wake utatuletea balaa.

Machi 8

Bati la jikoni linavuja. Nimetega sufuria.

Machi 11

Leo wamebomoa daraja. Mbao zake zilikuwa kazi ya mume wangu. Alizibadilisha yeye mwaka juzi, bure, akisema hawezi kuvuka kila siku juu ya aibu ya seremala mwingine. Wamezipasua na kuzipikia chai. Moshi ulifika hadi kwetu. Mbao alizozichagua hutoa harufu nzuri zikiungua, hilo sikulijua.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage barazani. Alisimama, akatazama moshi, akaniuliza, "Sasa atapita wapi?"

"Nani, mama?"

Akakaa, akaendelea kuchambua.

Nimekuwa nikilifikiria swali hilo. Siku tuliyompeleka mume wangu, mama mkwe alikuwa na homa kali, hakuweza kukaa hata kwa kuegemezwa. Hakuvuka nasi. Baadaye kila nilipomwambia twende wote Ijumaa, alisema miguu inamuuma, atakwenda baada ya msimu wa mvua. Nilidhani anaogopa kuliona kaburi. Nilimwacha, kila mtu na msiba wake.

Jioni mvua ilikatika kidogo, akanisimulia habari za mpaka, bila kuulizwa. Alisema alipoletwa hapa kama bibi harusi mto ulikuwa mto tu. Kijiji kilikuwa kimoja, nyumba huku na huku, na kisima kimoja. Kisha wakaja watu wenye kofia na kamba, wakanywa uji kwa baba mkwe wake, wakaondoka. Baada ya muda wakaambiwa kwamba walioko ng'ambo ni wa nchi nyingine. "Tukasema sawa," mama mkwe akaniambia. "Tukaendelea kupelekeana moto wa kuwashia. Walikuwa wamegawa mto, hawakugawa moto."

Akacheka hadi akakohoa.

Machi 13

Nilikwenda pampu ya maji, foleni ndefu. Niliporudi nilikuta msalaba wa chaki kwenye mlango wetu.

Nyumba nyingine zimeandikwa duara. Ya Redio ina duara. Ya mwenyekiti ina duara. Yetu ina msalaba, mkubwa, wa chaki nyeupe iliyobonyezwa kwa nguvu.

"Walikuja vijana wawili," mama mkwe akasema. "Wana adabu. Mmoja kaniita bibi."

"Walikuuliza nini, mama?"

"Wanaume wa nyumba hii. Nikawaambia nina watoto wawili. Mdogo yuko kibandani kwake anaziba pancha za watu. Mkubwa yuko kule."

Nikaketi na ndoo bado iko kichwani, maji yakanimwagikia begani. "Ukawaambia hivyo?"

"Si ndivyo ilivyo? Wakauliza kule wapi, nikawaonyesha. Wakauliza atarudi lini."

"Ukasemaje?"

"Mvua zikiisha," mama mkwe akasema, akaendelea kupepeta.

Niliogopa. Si kwa ajili ya askari tu. Ni kwa jinsi alivyolisema, kama mtu anayesema maharage yataiva baada ya muda.

Nimekwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa rafiki wa mume wangu, na ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele siku ile. Nimemweleza. Ameniambia nirudi nyumbani nitulie, atalisawazisha yeye mwenyewe, ni neno tu limeeleweka vibaya.

Nimerudi nimetulia. Mwenyekiti ni mtu wa kutegemewa.

Machi 14

Hakuna aliyeleta nguo. Mvua imefuta msalaba. Jioni wamerudi kuuchora upya.

Machi 16

Wamemchukua shemeji.

Nilikuwa barazani, cherehani iko wazi, nikaona watu wakikimbia kutoka upande wa barabara. Redio alikuja na kanga mkononi, hajajifunga. "Jirani, kimbia. Wako kibandani kwa shemeji yako."

Nilifika nikamkuta amepigishwa magoti kwenye matope, mbele ya baiskeli ya mteja iliyogeuzwa magurudumu juu. Gurudumu moja lilikuwa bado linazunguka. Afande alisimama chini ya bati la kibanda, hataki kulowa.

"Nakuuliza tena," afande akasema. "Kaka yako yuko wapi?"

"Nimeshakwambia, afande. Kaka ni marehemu."

"Hukuanza hivyo. Ulianza kusema nini?"

Shemeji akalitazama gurudumu.

"Ulisema yuko kule. Askari wangu wamesikia. Mama yako kasema yuko kule na atarudi mvua zikiisha. Nimewauliza majirani wanne, kila mmoja kwa wakati wake, wote wamesema yuko kule. Kijiji kizima kinajua aliko. Sasa mbele ya bunduki amekuwa marehemu."

Nikajitokeza. Nilisema mimi ni mke wake, na mume wangu ametutoka tangu kiangazi, msumari ulimchoma mguuni kazini, mwili ukakakamaa, hakumaliza wiki. Nilisema sisi tuna namna yetu ya kusema. Nilieleza kule na ng'ambo, vizuri kabisa, kama nilivyomweleza binamu yangu.

Afande alinisikiliza hadi mwisho. Aliuliza, "Kaburi liko wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo," akarudia. "Nisikokwenda mimi. Na nani alimzika?"

Nikageuka. Watu walikuwa wamejaa pale, na karibu wote walivuka nasi siku ile. Mafundi wenzake walikuwepo. Mwenyekiti alikuwepo, mwavuli mkononi. Nilimtazama yeye.

"Mwenyekiti," afande akasema, "wewe ulivuka?"

Mwenyekiti akameza mate. "Mimi, afande, siku zile nilikuwa na safari."

Wote wakatazama chini. Niliwaelewa. Anayesema nilimzika anasema nilivuka.

Walimfunga shemeji mikono kwa kamba ya mpira aliyokuwa akiikata viraka. Alipopita karibu yangu akasema, "Shemeji, gurudumu la nyuma la ile baiskeli bado halijakazwa. Mwambie mwenyewe asiipande." Hilo ndilo alilolikumbuka.

Afande alisema lori la kwenda kambi kuu linaondoka Jumamosi. Kaka akijitokeza kabla ya hapo, mdogo atabaki. Sote tunajua kuhusu lori hilo. Jumamosi iliyopita lilichukua vijana watatu wa kijiji cha juu. Mama zao wamekwenda kambi kuu na chakula, wakaambiwa hakuna watu wa majina hayo.

Nimemwambia mama mkwe kwamba shemeji amekwenda kuwatengenezea askari baiskeli. Amefurahi. Anasema angalau watamlipa.

Machi 17

Sijalala vizuri. Mvua.

Machi 18

Askari mmoja ameleta shati lishonwe kwapani. Sindano ilinichoma, tone la damu likaingia kwenye kola. Nimeifua mara tatu kwa sabuni ya mche nikiogopa ataiona. Amelichukua shati bila kulitazama. Nimemuuliza kama shemeji yangu amekula. Amesema, "Mama, usiniulize mimi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu ambaye naye anaogopa.

Watu hawapiti tena mbele ya nyumba yetu. Wanazungukia nyuma ya ghala, kwenye dimbwi, wamebeba viatu mkononi ili wasipite penye msalaba.

Mwenyekiti nimekutana naye pampuni. Alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Machi 19

Mama mkwe ametoa sandukuni shati jeupe la mume wangu, amelifua, amelitundika jikoni juu ya moshi likauke. Nimemuuliza la nini. "Litakuwa na uvundo akilikuta hivi," akasema.

Nilitoka nje nikasimama mvuani.

Sasa naelewa. Sisi sote tukisema kule tunajua tunasema nini. Mama mkwe peke yake ndiye anayesema kule kama mahali. Miezi yote hii nimekaa naye nyumba moja, tunakula sinia moja, na sikumsikia.

Machi 20

Redio amekuja mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, akakaa chini ya msalaba akanyoosha miguu. Nikamwambia jirani, watakuona.

"Waone," akasema. "Miguu mizuri kama hii nani hataki kuiona?"

Amenieleza amekwenda ghalani mwenyewe. Amemwambia afande amwite mchimba makaburi wa ng'ambo, yule mzee wanayemwita Sepetu, aje ukingoni aulizwe kutoka upande ule. Mto si mpana, sauti inafika. Afande amekubali. Kesho asubuhi.

"Alikuuliza kama ulivuka?"

"Aliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia nilivuka, nilibeba ndoo ya maji ya kunawia, na nililia kuliko mkewe. Nikamwambia asinilaumu, ndivyo nilivyo." Kisha uso wake ukabadilika, akaninong'oneza, "Jirani, magoti yalikuwa yanagongana. Nilidhani anayasikia."

Wamechora msalaba na kwake. Nimeuona nilipomsindikiza. Nilitaka kumwomba radhi kwa yote niliyomfikiria, nikashindwa pa kuanzia. Nimempa nusu ya unga niliokuwa nao.

Machi 21

Ijumaa. Naandika yote, kwa kuwa nisipoandika leo nitajidanganya kesho.

Tulikwenda mtoni saa mbili asubuhi. Mama mkwe nilimwambia abaki, afande akatuma askari wamlete. Walimshika mikono kwenye utelezi kwa upole, mmoja kila upande. Shemeji walimshusha kutoka kwenye lori akiwa amefungwa. Jicho moja limefumba. Mama mkwe akamwona, akauliza, "Nani kakupiga?" Shemeji akajibu, "Nilianguka, mama."

Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unapita na matawi. Kwenye ukingo wa pili alisimama Mzee Sepetu, na nyuma yake, kwa mbali, askari wa kwao watatu au wanne wenye makoti ya mvua. Afande alipowaona akawaashiria wake, wakalala kwenye nyasi na bunduki zao. Nikasikia vyuma. Redio alinishika mkono, kucha zikanizama.

Afande mwenyewe akapaza sauti. Akataja jina la mume wangu lote, na la baba yake. "Mzee, unamjua?"

"Namjua sana," Mzee Sepetu akaitika. Ana sauti kubwa yule mzee.

"Yuko wapi?"

Nilijua atasema nini kabla hajafungua mdomo.

"Yuko huku kwetu," Mzee Sepetu akajibu. "Mwambieni mama yake asiwe na wasiwasi. Tunamtunza. Juzi tu nilikuwa naye."

Mzee Sepetu akatupungia mkono kwa furaha, kama mtu aliyetimiza alichoagizwa. Alikuwa ametupalilia kaburi, na alikuwa anatuambia hivyo.

Afande akamgeukia shemeji, akatikisa kichwa taratibu, karibu kwa huruma. "Umeona? Mpandisheni."

Nilipiga magoti. Sikupanga. Nilimwambia afande yule mzee ni mchimba makaburi, na mchimba makaburi kuwa na mtu maana yake ni nini? Nilimwambia anipige mimi. Redio akasema, "Mimi nilivuka, nilimwona akishushwa. Na nyie nyote mlivuka," akawageukia watu, "ila mimi ndiye mwenye mdomo." Fundi mmoja, kijana aliyekuwa akijifunza kwa mume wangu, akanyanyua mkono nusu, kisha akaushusha.

Afande aliniinua kwa bega. Alisema, "Mke anaweza kumwua mumewe kwa maneno, dada, ili amfiche. Jirani naye anaweza. Nimeyaona sehemu nyingi." Akatazama nyuma yangu. "Lakini sijamwona mama anayemtamkia mwanawe aliye hai kwamba amekufa. Hilo hakuna mama analoweza. Aseme yeye."

Akaenda akasimama mbele ya mama mkwe, akainama kidogo kwa sababu ni mrefu.

"Bibi. Mwanao mkubwa yuko wapi?"

Mama mkwe alinitazama mimi, kisha shemeji aliyekuwa mguu mmoja juu ya lori, kisha ng'ambo, ambako Mzee Sepetu alikuwa bado amesimama mvuani akisubiri kuona kama tumemsikia.

"Bibi, nakuuliza."

Midomo yake ilikuwa inacheza. Niliona anatafuta. Nilimwona akianza lile neno la siku zote, ulimi ukigusa juu, akalirudisha.

"Amekufa," akasema.

"Sema tena."

"Mwanangu mkubwa amekufa." Alilisema kwa sauti, kama anayetukana. Kisha miguu ikamwishia, wale askari wawili wakamdaka.

Afande alisimama vile vile. Mvua ilikuwa inachuruzika kwenye ukingo wa kofia yake. Baada ya muda akasema mdogo ashushwe, arudishwe ghalani, atafikiria. Akaondoka bila kumtazama mtu yeyote.

Machi 22

Jumamosi. Lori limeondoka. Tulisimama mlangoni, mimi na Redio, tukalitazama likipita. Turubai lilikuwa limefungwa nyuma. Hatukuona kitu.

Machi 23

Hakuna habari. Mama mkwe hajala. Amelala ameelekea ukuta.

Machi 24

Hakuna habari. Nimewaza kwenda ghalani, nimefika kwenye kona, nimerudi.

Machi 25

Shemeji amerudi. Amekuja kwa miguu, peke yake, ameshika suruali kwa mkono kwa kuwa mshipi walimnyang'anya. Nilipomwona nilidhani ni mume wangu. Mabega yao yanafanana.

Vidole vya mkono wa kulia vimevimba, havikunji. Ameniambia nisiulize. Alichosema ni kwamba afande ameamuru ripoti za kila siku: asubuhi na jioni aende ghalani ajionyeshe, na nyumba yetu ibaki na msalaba. Wakisikia neno lolote la kumrudisha kaka yake, lori lijalo ni lake.

Mwenyekiti ametuma sukari. Shemeji alitaka kuirudisha. Nimemwambia tuiache, naye anaishi na afande mlango kwa mlango, nani ajuaye usiku wake ulivyo. Lakini sitamwita tena rafiki wa mume wangu.

Machi 28

Kijiji kimejifunza kusema. Pampuni leo mwanamke mmoja aliulizwa na askari habari za baba yake, akajibu haraka, "Amekufa, afande, amekufa," kama anayeonyesha kitambulisho. Watoto wanalisema wakicheza. Redio anasema neno lenyewe lina ladha ya msumari.

Aprili 3

Mvua zinapungua. Mto umeanza kuonyesha mawe. Nashona mashati ya askari, kwa sababu ndio wateja pekee waliobaki.

Aprili 6

Leo asubuhi jua limetoka. Mama mkwe ametoka barazani, mara ya kwanza tangu siku ya mtoni, akakaa mkekani karibu yangu na ungo wa maharage. Shemeji alikuwa uani anajaribu kushika spana kwa mkono wa kushoto. Kwenye benchi, karibu kabisa, askari alikuwa amekaa na fulana, anasubiri shati lake nililokuwa nalishona kifungo.

Mama mkwe alichambua kwa muda. Alionekana amepumzika. Kisha akasema, bila kushusha sauti, "Mwanangu, Mungu atanisamehe?"

"Kwa lipi, mama?"

"Kwa ule uongo wangu wa mtoni. Nilimtamkia mwanangu kitu kibaya. Ilibidi, mdogo wake angepotea." Akatupa changarawe pembeni. "Nitamweleza mwenyewe. Mvua ndizo hizo zinaisha, na yeye ana moyo mpana."

Uani spana ilianguka chini. Askari akainua uso.

Hakusimama. Aliinua uso tu, akamtazama mama mkwe, kisha akageuza macho kwangu, akangoja. Ni yule yule wa shati la kwapa. Nilimwona anaogopa nitakachosema, kwa sababu atalazimika kwenda kukisema.

Sindano ilikuwa imeingia nusu kwenye kitambaa. Niliiacha hapo. Nilimshika mama mkwe mikono yote miwili, na maharage ndani yake, nikamlazimisha anitazame. Miezi yote nimekuwa nikimpitia mbali kwa upole wangu. Sikuwa na njia ya kumkwepa tena.

"Mama, hukusema uongo," nikamwambia, kwa sauti ya kufika kwenye benchi. "Mwanao amekufa. Nilimwosha uso mwenyewe. Tulimvusha tukamzika, na wewe ulikuwa kitandani na homa. Amekufa, mama. Harudi."

Askari alitazama chini, kwenye buti zake. Baada ya kitambo akasema hana haraka na shati, atalifuata kesho, akaondoka na fulana yake akipita kando kando ya ukuta.

Mama mkwe hakuvuta mikono. Alinitazama, akiwa ameukunja uso kidogo, kama mtu aliyeletewa habari kutoka mbali na hataki imponyoke hata moja.

"Lini?" akaniuliza.